Edward Steere na Wakati Uliopo

Nilipata kukaa nyuma ya darasa moja la Kiingereza nikiangalia mafundisho ya mwalimu mwanafunzi. Ubaoni ilibandikwa picha ya mtoto juu ya mkeka, macho kayafumba. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza mtoto yule yu katika kufanya nini. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele, mwenye bidii kupita wenziwe, alisimama akajibu kwa sauti ya kusikika hadi uani kuwa "he has slept". Mwalimu alitikisa kichwa akamwita wa pili, kisha wa tatu, na huyo wa tatu kwa kubahatisha akaleta "he is sleeping", akapigiwa makofi. Yule wa kwanza hakunyosha tena mkono mpaka kengele ikalia.

Kosa la mtoto yule lilikuwa nini hasa? Alitazama picha, akasema moyoni mwake kwa Kiswahili safi kuwa mtoto amelala, kisha akakumbuka somo la wiki iliyopita, kwamba "-me-" ya Kiswahili ndiyo "has" ya Kiingereza. Alifanya yote aliyofundishwa. Hakuna Mswahili, awe wa Micheweni au wa Mkoani, atakayeitazama picha ile akasema mtoto "analala". Hilo ni la mtu anayejitupa kitandani, au la kueleza ni chumba gani mtu hulala. Mtoto aliadhibiwa kwa kuijua lugha yake vyema.

Shida hii ya kuupata wakati uliopo kati ya Kiswahili na Kiingereza si ya leo. Karne moja na nusu iliyopita ilimkabili mtu mmoja aliyetoka upande wa pili wa daraja: Mwingereza aliyetaka kujua Waswahili wausemaje wakati huu tulio nao. Maisha yake yafaa kujulikana na kila anayejitayarisha kufundisha lugha, ingawa si yote aliyoyaandika yaliyo sawa, na kosa lake moja latufaa zaidi kuliko mambo mengi aliyoyapatia.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Elimu yake ya kwanza haikuwa ya dini wala ya lugha bali ya sheria. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, na kufikia mwaka 1850 alikuwa amekwisha kupata shahada ya udaktari wa sheria na kukubaliwa kuwa wakili. Kazi ya uwakili haikumkalia moyoni. Mwaka 1856 aliingia katika utumishi wa Kanisa la Uingereza, akawa kasisi wa vijiji vya Lincolnshire, mashariki ya nchi yao, mahali pa wakulima na wavuvi. Huko alifanya urafiki na kasisi jirani yake, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer alipofanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, Steere aliagana na kijiji chake ili amsindikize rafikiye kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi ulimchukua maisha yake yote yaliyosalia.

Misheni ile ilikuwa imezaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone katika mwaka 1857, na mwanzo wake ulikuwa wa misiba. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikufa mwaka 1862 katika bonde la mto Shire. Tozer na Steere walijaribu kukaa katika mlima wa Morambala, sehemu ambayo leo imo katika Msumbiji, wakashindwa na homa na upweke. Mwaka 1864 wakahamia Unguja. Wapo waliowalaumu kwa kuikimbia bara. Kwa upande wa lugha, hata hivyo, uhamisho ule ulikuwa na matokeo makubwa kuliko walivyoweza kukisia, kwani uliwatia katika mji ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya sokoni, ya bandarini, ya barazani na ya nyumbani.

Haukupita muda Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kufanywa shemasi mwaka 1879. Mwalimu mwanafunzi na aifikirie hali ya darasa lile. Watoto hawakujua Kiingereza. Kiswahili nacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya mama. Walikuwa wametekwa katika nchi za bara wakakiokota njiani na mjini. Mwalimu mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Basi mwalimu na wanafunzi walikuwa wageni wote katika lugha ya darasa, na waliokuwa wenye lugha walikuwa nje ya shule, Waislamu wa mji wa Unguja, wanaopita mbele ya mlango.

Steere alitoka nje akawafuata. Alikuwa na vitabu vya Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika pwani yetu mwaka 1844 na kutoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850. Lakini Krapf alijifunza Mombasa na Rabai, na Steere aliona kuwa aliyoyakuta kitabuni hayakulingana sawasawa na aliyoyasikia Unguja. Akaamua kulifuata sikio. Aliwaomba wenyeji wamsimulie hadithi, naye akiandika neno kwa neno kama linavyotoka kinywani. Kwa njia hiyo zikahifadhiwa hadithi kama zile za Sultani Darai, punda wa dobi na Liongo, alizozichapisha mwaka 1870 Kiswahili na Kiingereza zikitazamana ukurasa kwa ukurasa. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake cha kuongoza wajifunzao lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja, na mwaka 1878 kikafuata kitabu cha mazoezi. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na Steere na wanafunzi wake walizipanga herufi za risasi kwa mikono yao. Nadhani kazi hiyo peke yake ilimfundisha jambo: mtu anayepanga neno herufi moja moja hawezi kulipita haraka, hata kama ni silabi moja tu katikati ya kitenzi.

Na sasa tufike katika silabi hizo.

Mwingereza ana njia mbili za kusema juu ya wakati uliopo: "I go" na "I am going". Ya kwanza ni ya desturi na mambo ya siku zote, ya pili ni ya tendo lililo mikononi. Steere alipowasikiliza watu wa Unguja akasikia nao wana mbili: "naenda, waenda, aenda", yenye "-a-", na "ninakwenda, unakwenda, anakwenda", yenye "-na-". Mbili kwa mbili! Ilikuwa vigumu kwa mtu aliyelelewa na sheria, aliyezoea kila kitu kuwa na mahali pake, asizioanishe. Akaiweka "-a-" kuwa wakati uliopo usio na mpaka, ikabili "I go". Na "-na-" kuwa wakati uliopo wa jambo lisilokwisha, ikabili "I am going". Jedwali likapendeza. Likanakiliwa na kurithiwa katika vitabu vilivyofuata, na mpaka leo wako walimu wanaofundisha Kiingereza kwa kulitumia, bila kujua ni nani aliyelitunga wala kwa ajili ya nani. Lilitungwa kwa ajili ya Waingereza wanaojifunza Kiswahili. Sisi tunalitumia kinyumenyume.

Nusu ya jedwali ile ni kweli. Anayesema "anakula" mara nyingi ana maana kwamba chakula ki mbele ya mtu sasa hivi. Lakini mtu akiulizwa kazi ya baba yake akajibu kuwa baba "anauza samaki", baba huyo yawezekana wakati ule yumo ngalawani, au yumo msikitini, au kalala. "-na-" yetu hubeba yote mawili, tendo la sasa hivi na la siku zote, na msikilizaji huyatenga kwa muktadha. Isitoshe, katika nafsi ya kwanza "ninauza" hufupishwa kinywani ikawa "nauza", na hapo mpaka kati ya "-a-" na "-na-" hauonekani tena. Siku hizi "-a-" peke yake twaikuta zaidi katika ushairi, katika vichwa vya habari vya magazeti, na katika maandishi ya kujistahi kama haya. Mtoto wa darasa la nne hana mizani ya Steere kichwani mwake. Ana "-na-" moja, na akiambiwa kuwa "-na-" ndiyo "-ing", atasema "my father is selling fish" kwa kazi ya baba, na "I am knowing the answer" kwa jibu alijualo, na hatakuwa amefanya kosa lolote la fikira.

Steere mwenyewe aliandika dawa ya sehemu ya ugonjwa huu, japo hakuikusudia kuwa dawa. Aliitia kitabuni mwake ile "hu-" ya mazoea, isiyojali nafsi wala idadi. Hiyo ndiyo mizani ya kweli ya "I go". Mwalimu na amwambie mtoto aigeuze sentensi yake: je, yaweza kusemwa "baba huuza samaki" na maana ikabaki ileile? Kama yaweza, Kiingereza chake ni "sells". Kama haiwezi, na badala yake yakubali "sasa hivi", ni "is selling". Watoto wa Pemba hawahitaji kufundishwa "hu-". Wamekuja nayo kutoka nyumbani. Nimeona darasa likifanya zoezi hili kwa mdomo bila daftari, kwa kicheko, likiwagawa watu wa mtaa wao: nani huenda shamba, nani anakwenda sasa hivi. Hubaki fungu dogo la vitenzi kama kujua, kupenda, kutaka na kuamini, ambavyo Mwingereza hapendi kuvitia "-ing" hata jambo likiwa la sasa hivi. Hivyo hapana hila. Ni vya kukaririshwa.

Tukirudi katika picha ya mtoto mkekani, "hu-" haitusaidii. Hapo shida ni "-me-". Steere aliiweka "-me-" katika jamii ya wakati uliopo, si wa zamani, na katika hilo alikuwa na sikio kali kuliko wengi waliomfuata. Kwani tukisema "amefika", tendo limepita lakini mtu yupo mlangoni sasa. Tukisema "amesimama", "amekaa", "amelala", "amevaa", "amebeba", "ameshika", hatuzungumzi habari za jana. Twaeleza tunachokiona kwa macho. Mwingereza kwa haya hutumia "-ing": "is standing", "is sitting", "is sleeping", "is wearing". Kwa "amechoka", "amekasirika", "amejaa" hutumia sifa: "is tired", "is angry", "is full". Ni kwa "amefika" na "amemaliza" tu ndipo "has" hufaa. Silabi yetu moja, njia tatu za kwao. Mwalimu anayefundisha ya tatu tu kana kwamba ndiyo yote amewaandalia watoto wake shimo, kisha anawapigia kelele wanapotumbukia.

Zoezi lifaalo hapa halihitaji hata karatasi. Mwalimu achukue kofia. Aanze kuivaa polepole, mikono ikiwa juu, na awaulize watoto kwa Kiswahili anafanya nini: anavaa kofia. Kisha ashushe mikono na kofia iwe kichwani: amevaa kofia. Ndipo alete Kiingereza cha kila moja, "he is putting on a cap" na "he is wearing a cap". Watoto wataona kwamba Kiingereza kimebadili kitenzi kizima pale ambapo Kiswahili kimebadili silabi. Afanye vivyo hivyo kwa kusimama: akiinuka kitini, anasimama, akishainuka, amesimama. Aliyeona mara moja kofia ikipanda kichwani hasahau upesi.

Haidhuru hapa tutoke kidogo nje ya pwani yetu, ili tusidhani kuwa ni sisi peke yetu tuliopewa mtihani huu. Tangu mwaka 1964 madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, kutoka jimbo la Jiangsu, na wengine wamefanya kazi katika hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani. Kichina hakibadili kitenzi hata chembe. Neno la kula ni lilelile jana, leo na kesho. Kuonyesha tendo lililo mikononi Mchina hutanguliza neno "zai" kabla ya kitenzi, na neno hilo ndilo hilohilo analotumia kusema mtu yuko mahali fulani, kama sisi tunavyosema "yuko". Kuonyesha hali inayodumu, huweka "zhe" baada ya kitenzi. Kwa hiyo anayevaa kofia na aliyevaa kofia Mchina huwatenga kama tuwatengavyo sisi, wa kwanza kwa "zai" na wa pili kwa "zhe", ilhali Mwingereza hana budi kutafuta kitenzi kingine. Lakini Mchina anayejifunza Kiingereza huelekea kusema "he eat now", kwa kuwa neno la sasa limekwisha kutajwa na haoni sababu ya kukisumbua kitenzi. Mtoto wetu hupachika "-ing" kila mahali, wao huiacha. Mwalimu mmoja akipewa madarasa haya mawili na kitabu kimoja, atakuwa amekosea moja kati yake tangu ukurasa wa kwanza.

Turudi kwa Steere. Mwaka 1868 aliondoka kwenda Uingereza, na vitabu vile vya 1870 vilitoka alipokuwa huko. Alirudi mwaka 1872, mwaka wa ile tufani ya Aprili iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuacha Pemba karibu salama. Tokea hapo karafuu ikawa mali ya Pemba kuliko ya Unguja, na kwa sababu hiyohiyo majahazi yakaendelea kuleta watumwa katika mashamba ya kisiwa hiki hata baada ya mkataba wa Juni 1873 uliolifunga soko la watumwa la mjini. Mtu akisoma habari za misheni yafaa akumbuke kwamba watoto waliokaa madarasani mwa Steere na watu waliochuma karafuu katika vilima vyetu walipitia njia moja. Kilichowatenga mara nyingine ni jahazi lipi lilikamatwa na lipi lilipita.

Katika uwanja wa soko lile, Mkunazini, Steere alijenga kanisa kuu, kazi iliyoanza mwaka 1873 na kuchukua miaka kadhaa, mwenyewe akisimamia mafundi. Mwaka 1874 alifanywa askofu. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu hadi nchi ya Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watu walioachwa huru waliokwenda kuanzisha makazi ya Masasi. Sitayaeleza hayo kwa urefu, wapo walioyaandika. Nawaomba walimu wenzangu wakumbuke tu kwamba katikati ya shughuli hizo zote shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji, ilikuwa ikiwatayarisha vijana kuwa walimu, na kwamba lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Wako waliopenda watoto wale wafundishwe Kiingereza upesi na kuvishwa mavazi ya kizungu. Steere aliona kuwa asiyefundishwa kwa lugha ijulikanayo hafundishwi.

Hata hivyo si haki kumsifu bila kumpima. Alikuja kwa kazi ya kugeuza watu dini katika mji wa Waislamu, na wenyeji waliompa lugha yao hawakumpa kwa kusudi hilo. Kwa kushika msemo wa mji wa Unguja na kuuandika kwa herufi za Kirumi, alisaidia kutayarisha njia ambayo serikali za kikoloni ziliifuata baadaye, pale Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930. Kuanzia hapo mtoto wa Pemba, kama yule wa Mombasa au wa Lamu, hufika shuleni akaambiwa baadhi ya maneno ya nyumbani kwao si sanifu. Kabla hajafika katika "he is sleeping", amekwisha kuvuka mto mmoja. Mwalimu aliyezaliwa hapa analijua hilo kwa mwili wake. Aliyeletwa kutoka kwingine aulize.

Steere alikufa Unguja Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu. Mwaka huohuo kilitoka kamusi kubwa ya Krapf, ambaye naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tafsiri ya Maandiko aliyoiacha Steere ilikamilishwa na wenziwe. Kitabu chake cha lugha kilitengenezwa upya na A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi za 1894 na 1903, kikapigwa chapa tena na tena. Jedwali la "-a-" na "-na-" lilibaki humo.

Yule mwalimu mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni tulikaa naye baada ya kipindi, chini ya mwembe. Nilimwomba anieleze kwa Kiswahili kilichokuwamo katika picha. Akasema mtoto amelala. Akanyamaza kidogo, akacheka, kisha akaniuliza kama yule mwanafunzi wa mstari wa mbele alikuwa bado hajaondoka kwenda kwao.